Jeshi libadilike kutoka juu, kutoka chini, au linunue? Njia tatu zikipimwa pamoja

Julai 1944, wiki chache baada ya kutua Normandy, vifaru vya Marekani vilikwama kwenye nyua za mashamba. Nyua hizo hazikuwa za kuruka. Zilikuwa matuta ya udongo yaliyoshikwa na mizizi kwa karne nyingi, na kifaru kilichojaribu kupanda tuta kiliinua pua na kumwachia Mjerumani aliyejificha ng'ambo shabaha ya tumbo, mahali ambapo chuma ni chembamba. Sajenti Curtis Culin akachomelea meno ya chuma mbele ya kifaru ili kilitoboe tuta badala ya kulipanda. Chuma alikipata kwenye vizuizi ambavyo Wajerumani wenyewe walivisimika ufukweni. Jenerali Omar Bradley alionyeshwa kazi hiyo tarehe 14 Julai. Shambulio kubwa lilipoanza tarehe 25, seti zaidi ya 500 za meno hayo zilikuwa zimeshatengenezwa.

Kisa hiki kinapendwa kwa sababu kinamtukuza sajenti, ingawa Culin mwenyewe alikiri kwamba mbegu ya wazo ilitoka kwa mwenzake. Mimi jicho langu huenda kwa Bradley. Bila jenerali kuamuru karakana ziyatengeneze kwa wingi, historia ingebaki na kifaru kimoja chenye meno. Kwa hiyo anayeuliza jeshi libadilike vipi ana maswali mawili mkononi, na watu huyachanganya: wazo litoke wapi, na nani alisambaze.

Njia ninazozilinganisha hapa ni tatu. Ya kwanza, makao makuu yanafikiri na kuamuru. Ya pili, askari walio kwenye mahandaki wanabuni na jeshi linafuata. Ya tatu, jeshi linanunua au kuazima kitu ambacho tayari kipo sokoni. Kipimo changu kikuu ni kimoja: adui anakupa muda gani kabla hajapata jibu la ulichokibuni? Gharama, kasi na kumbukumbu vinapimwa baada ya hapo.

Kutoka juu

Mfano bora wa njia hii unatoka kwa jeshi lililoshindwa. Desemba 1919, Jenerali Hans von Seeckt wa Ujerumani aliunda kamati 57 za maafisa wachambue Vita Kuu ya Kwanza iliyokuwa imewaangusha. Aliwapa maswali manne. Ni hali gani zilijitokeza vitani ambazo hakuna aliyezifikiria kabla? Mbinu zetu za zamani zilifaa kiasi gani katika hali hizo? Miongozo gani mipya ilizaliwa vitani? Na ni matatizo gani yaliyoibuka na hadi leo hayajapata ufumbuzi? Hilo la nne ndilo la thamani zaidi kwangu, maana linamlazimisha afisa aandike asichokijua, jambo ambalo ripoti nyingi za kijeshi hulikwepa.

Mkataba wa Versailles uliliwekea jeshi hilo ukomo wa watu 100,000, bila vifaru, bila ndege za kivita. Hata hivyo mwaka 1921 mwongozo mpya wa mapigano ulianza kutoka, ukizungumzia vita vya mwendo na silaha ambazo Ujerumani haikuruhusiwa kuwa nazo. Baadaye mafunzo ya vifaru yakafanyika kwa siri Kama, karibu na Kazan, ndani ya Muungano wa Kisovieti, kuanzia 1929 hadi 1933. Fedha hawakuwa nazo. Muda walikuwa nao, na ukweli juu ya kushindwa kwao walikubali kuuangalia.

Wamarekani walipita njia hiyo baada ya Vietnam. Kamandi ya mafunzo na mbinu, TRADOC, iliundwa Julai 1973 chini ya Jenerali William DePuy, na miezi mitatu baadaye Vita vya Oktoba, Misri na Syria dhidi ya Israel, vikazuka Mashariki ya Kati. DePuy aliwatuma watu wake wakavichunguze. Mwongozo wa 1976 ukatoka ukisisitiza ulinzi, na maafisa wakaupinga waziwazi katika majarida ya jeshi lenyewe. Mwaka 1982 ukabadilishwa na mwingine uliohimiza kupiga kwa kina nyuma ya adui. Wakati huohuo, huko Fort Irwin kwenye jangwa la California, palianzishwa kituo cha mazoezi chenye kikosi cha kudumu kinachoigiza adui. Kikosi hicho kinaijua kila korongo, na wageni wengi walikuwa wakishindwa. Baada ya kushindwa, kila mtu huketi na kueleza kilichotokea, na luteni anaweza kumwambia kanali wake mahali alipokosea. Mwaka 1991 vita vya ardhini dhidi ya Iraq vilimalizika kwa saa 100.

Hesabu miaka: 1973 hadi 1991 ni 18. Israel ilitumia tisa. Mwaka 1973 ilipoteza takriban ndege 100, nyingi zikiangushwa na makombora na mizinga ya ulinzi wa anga. Tarehe 9 Juni 1982, katika Bonde la Bekaa nchini Lebanon, ilirusha kwanza ndege zisizo na rubani kama chambo. Rada za Syria zikawashwa kuzifuata, zikajianika, na betri 17 kati ya 19 za makombora zikaharibiwa siku hiyo. Kazi kama ile haibuniwi handakini. Inahitaji upelelezi, viwanda, marubani na mafundi wa rada wafanye mazoezi pamoja kwa miaka.

Hatari ya njia hii ni kwamba makao makuu yakikosea, yanakosea kila mahali kwa mpigo mmoja. Mpango wa Marekani wa Future Combat Systems ulianza 2003 ukiahidi magari mepesi yaliyounganishwa kwa mtandao: ukimwona adui kabla hajakuona, huhitaji chuma kinene. Huko Iraq adui alikuwa bomu lililofukiwa chini ya barabara. Mpango ukafutwa 2009 baada ya kumeza takriban dola bilioni 18. Israel nayo, miezi michache kabla ya vita vya Lebanon vya Julai 2006, ilipitisha mwongozo ulioandikwa kwa lugha ngumu mno, na makamanda waliopokea amri walishindwa kuelewa wanatakiwa wafanye nini. Nina chuki binafsi na maandishi ya namna hiyo. Amri ambayo koplo hawezi kuirudia kwa maneno yake mwenyewe haijakamilika kuandikwa.

Kuna hatari nyingine ambayo husahaulika: mafanikio ya juu hufumba macho. DePuy aliamua jeshi lijiandae kwa vita vikubwa vya Ulaya, na maarifa ya Vietnam kuhusu kupambana na waasi yakawekwa kando. Uamuzi uleule ulioleta ushindi wa 1991 ndio uliowaacha askari walioingia Iraq 2003 bila mwongozo wa kufaa. Mwongozo mpya wa kupambana na waasi ulitoka Desemba 2006, vita vikiwa na zaidi ya miaka mitatu.

Kutoka chini

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hii ndiyo hoja nzima ya njia ya pili. Septemba 1967, msafara wa malori ya Marekani ulishambuliwa kwa kuviziwa kwenye Barabara Namba 19 nchini Vietnam. Madereva hawakungoja zabuni. Walianza kwa mifuko ya mchanga na mbao, wakahamia mabamba ya chuma, wakafunga bunduki za rashasha juu ya malori ya mizigo, na malori hayo yakawa walinzi wa misafara. Wakubwa waliyavumilia tu.

Vita vikaisha, malori yakarudishwa kuwa malori. Moja pekee lilihifadhiwa, nalo liko kwenye makumbusho huko Fort Eustis, Virginia. Desemba 2004, huko Kuwait, askari mmoja alisimama mbele ya Waziri wa Ulinzi Donald Rumsfeld na kumuuliza kwa nini wanalazimika kuokota vyuma chakavu jalalani ili kuyakinga magari yao. Jeshi lilelile, tatizo lilelile la misafara, ufundi uleule wa kuchomelea, na miaka 37 katikati. Anayeipenda njia ya chini aanze kwa kulitazama lori hilo la makumbusho.

Sifa kuu ya njia hii ni kasi, na hakuna vita vilivyoionyesha kama vya Ukraine. Droni ndogo ya mashindano, ambayo rubani huiendesha akiwa amevaa miwani inayomwonyesha kinachoonwa na kamera, hugharimu dola mia chache. Ikifungwa kilipuzi inaweza kuharibu kifaru cha mamilioni. Adui akivuruga mawimbi, fundi aliye nyuma ya mstari wa mbele hubadilisha masafa ya redio. Adui akiyapata masafa mapya, fundi anabadilisha tena. Mzunguko huo unahesabiwa kwa wiki. Hakuna ofisi ya ununuzi duniani iliyojengwa kwa mwendo huo, na ndiyo maana mengi yalianza kwa watu wa kujitolea. Kundi la Aerorozvidka, kwa mfano, lilianza 2014 likiwa na raia waliojua kompyuta na ndege za kuchezea.

Lakini kasi hiyo haikuja bure. Brigedi yenye kamanda anayejua kuomba na wafadhili wengi ilikuwa na droni, karakana na marubani. Jirani yake kilomita kumi kando ilikuwa inachangisha. Kila kikosi kilikuwa na betri zake, programu zake, namna yake ya kufundisha. Rubani akihamishwa anajifunza upya. Ujanja uliookoa maisha sehemu moja haukufika sehemu nyingine. Serikali ilianza kuunganisha mambo: mwaka 2023 ilianzisha Brave1, jukwaa la kuwakutanisha wabunifu na jeshi, na 2024 ikaunda tawi zima la jeshi la mifumo isiyo na rubani.

Upande wa pili ni somo linalowakera wapenzi wa ubunifu wa chini, nami nilikuwa mmoja wao. Urusi ilianza vibaya, na makamanda wake hawakupenda kuambiwa kasoro. Lakini kitu kikishakubalika juu, kilishuka kwa wingi. Mwaka 2024 Warusi ndio waliotangulia kutumia kwa wingi droni zinazovuta nyuma yake uzi mwembamba wa kioo badala ya kutegemea redio. Uzi hauvurugwi na mawimbi. Mwaka huohuo wakaunda kituo cha Rubikon, chenye vikosi vilivyofunzwa kwa mtindo mmoja kuwasaka marubani wa droni wa Ukraine na kukata njia za ugavi. Ukitazama nani alibuni mengi zaidi, Ukraine iko mbele. Ukitazama nani alisambaza kwa nguvu kile alichokwisha kukikubali, jibu si rahisi hivyo.

Kununua na kuazima

Hapa nitakuwa mfupi zaidi, maana faida zake zinaonekana kwa macho. Tarehe 2 Januari 1987, huko Fada kaskazini mwa Chad, wapiganaji wa Chad waliokuwa kwenye pikapu za Toyota zenye makombora ya kupiga vifaru ya Milan kutoka Ufaransa waliteketeza takriban vifaru 90 vya Libya. Pikapu ni ya biashara, kombora ni la kigeni. Cha kwao kilikuwa namna ya kuzitumia: kuzunguka kwa kasi, kupiga kutoka pembeni, kutoweka jangwani. Azerbaijan mwaka 2020 ilitumia droni ilizonunua, TB2 kutoka Uturuki na Harop kutoka Israel, kisha ikaongeza ujanja wake kwa kuzigeuza ndege kuukuu za Antonov An-2 ziruke bila rubani ili ulinzi wa anga wa Armenia ujifichue kwa kuzipiga. Vita vile vya Nagorno-Karabakh vilidumu siku 44.

Magari ya kuhimili mabomu ya barabarani yanafundisha jambo jingine. Umbo la tumbo lenye pembe kama herufi V, linalousukuma mlipuko pembeni, lilikwisha kujaribiwa kusini mwa Afrika miaka ya 1970. Marekani ililihitaji sana Iraq, ila manunuzi makubwa yalianza 2007 pale Waziri Robert Gates alipoyaweka mbele ya mengine yote. Magari zaidi ya 20,000 yalipatikana kwa gharama ya zaidi ya dola bilioni 40. Maisha mengi yaliokolewa. Kisha yakapelekwa Afghanistan na kukutwa kuwa ni mazito mno kwa barabara za milimani, ikabidi toleo jepesi liagizwe 2009.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Droni za TB2 zilizong'ara Karabakh na katika wiki za kwanza za Ukraine mwaka 2022 zilipotea karibu zote kwenye mstari wa mbele mara Warusi walipoupanga vizuri ulinzi wao wa anga. Mawasiliano ya setilaiti ya Starlink yaliiokoa Ukraine, lakini yaliweka sehemu ya mishipa ya jeshi mikononi mwa kampuni binafsi ya nchi nyingine. Na unachoweza kukinunua wewe, adui naye ana orodha ya bei.

Sasa uchague ipi?

Ukiwa kwenye amani na bajeti ndogo, chagua kutoka juu, na usianze na manunuzi. Maswali manne ya Seeckt hayana gharama. Uwanja wa mazoezi wenye adui wa kuigiza ambaye anaruhusiwa kushinda unaihudumia nchi kuliko kombania ya vifaru vipya vinavyotoka siku ya gwaride. Kipimo cha kama mnafanya kwa dhati ni rahisi: katika mazoezi ya mwaka uliopita, je, upande wa nyumbani uliwahi kushindwa na ikaandikwa hivyo? Kama haujawahi, yale hayakuwa mazoezi.

Ukiwa vitani na adui anayebadilika kila wiki, chagua kutoka chini, lakini uiwekee mabomba ya kupitisha maarifa tangu siku ya kwanza. Mpe kamanda wa brigedi fedha za kununua na kutengeneza bila kuomba kibali cha mji mkuu. Kisha teua watu wachache ambao kazi yao ni kutembea kutoka kikosi hadi kikosi wakiuliza "nyinyi mnafanyaje hapa?" na kuyapeleka majibu shuleni ndani ya siku chache. Bila watu hao unapata vipande vya uhodari vilivyotawanyika. Katika hali hiyo usijaze maghala kwa droni za redio za aina moja. Zitakuwa zimepitwa kabla ya masanduku kufunguliwa.

Kununua nakushauri pale tu tishio linapokuwa tulivu. Bomu chini ya barabara lilifanya kazi ileile mwaka 1975 na 2005, kwa hiyo gari la kulihimili linadumu na fedha yake haipotei bure kirahisi. Kifaa kinachotegemea masafa ya redio hakina utulivu huo. Kabla ya kutia saini, uliza kama mafundi wako wataruhusiwa kukifungua na kukibadilisha. Mkataba ukikataza, umenunua kitu ambacho adui anaweza kukibadilishia mazingira na wewe huwezi kukibadilisha chenyewe.

Kuhusu kuunda tawi jipya la jeshi au kuigawa silaha mpya kwa vikosi vyote, naegemea katikati: shule na maabara viwe vya pamoja, vifaa viwe ndani ya kila batalioni. Tawi likikaa peke yake huanza kulinda bajeti yake.

Nikitaka kuujaribu ushauri huu, naurudisha kwenye Vita vya Oktoba 1973, kwa sababu pale njia zote tatu zinaonekana kwa jeshi moja. Ukingo wa mashariki wa Mfereji wa Suez ulikuwa na ukuta mrefu wa mchanga uliojengwa na Israel, na baruti ilishindwa kuupasua kwa haraka. Afisa mhandisi wa Misri, Baki Zaki Yousef, aliyewahi kufanya kazi kwenye Bwawa Kuu la Aswan ambako mchanga ulisukumwa kwa maji, alipendekeza kuuosha ukuta kwa mabomba. Hilo lilitoka chini. Makao makuu yakalichukua, yakanunua pampu Uingereza na baadaye zenye nguvu zaidi Ujerumani, yakalifanyia mazoezi kwa siri. Tarehe 6 Oktoba mapengo yakafunguka ndani ya saa chache, na askari wa miguu waliovuka wakiwa na makombora ya kupiga vifaru ya Malyutka wakavitwanga vifaru vya Israel vilivyokuja mbio bila askari wa miguu.

Jibu la Israel lilichukua siku, halikungoja mwongozo. Wafanyakazi wa vifaru walianza kupeana ishara kombora likionekana, kutimua vumbi, kusogea huku na huko na kumimina risasi pale lilikotokea ili kumtikisa anayeliongoza kwa mkono. Misri ilikuwa imepanga kuvuka kwa undani wa ajabu, ila haikuwa imewaandaa makamanda wa chini kwa yatakayofuata. Tarehe 14 Oktoba amri ilitoka juu, kwa sababu za kisiasa na baadhi ya majenerali wakiipinga, kwamba vifaru visonge mbele nje ya mwavuli wa makombora ya ulinzi wa anga. Walipoteza zaidi ya 200 siku hiyo.